Je, Jiji Kubwa Liombe Kuandaa Michezo ya Olimpiki?
Somo la hesabu na uchumi kutoka Montreal

Katika Afrika Mashariki jina la Montreal hukumbukwa zaidi kwa mbio ambazo hazikukimbiwa. Mwezi wa Julai 1976, Filbert Bayi wa Tanzania, aliyekuwa ameweka rekodi ya dunia ya mita 1500 mjini Christchurch mwaka 1974, alitazamiwa kupambana na John Walker wa New Zealand katika jiji hilo la Kanada. Pambano hilo halikutokea. Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine zaidi ya ishirini, karibu zote za Kiafrika, zilisusia Michezo hiyo, kwa kuwa timu ya raga ya New Zealand ilikuwa ikizuru Afrika Kusini ya makaburu na Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki haikukubali kuiondoa New Zealand mashindanoni. Walker alishinda bila ya Bayi kuwapo.

Wakazi wa Montreal wenyewe wana kumbukumbu nyingine. Tangu mwaka 1976 hadi mwaka 2006, kila mvutaji sigara katika jimbo la Quebec alilipa kodi maalumu ya tumbaku iliyowekwa kwa ajili ya kulipia Michezo iliyodumu siku kumi na sita tu. Mtoto aliyezaliwa siku ya ufunguzi alikuwa mtu mzima wa miaka thelathini deni hilo lilipomalizika.

Swali la kama jiji kubwa liombe kuandaa Michezo ya Olimpiki huulizwa mara nyingi kama swali la fahari: je, jiji hili ni kubwa vya kutosha, je, dunia italiona? Makala haya yanalichukua kama swali la hesabu. Hesabu yenyewe si ngumu. Haihitaji zaidi ya jumla, asilimia na wastani, mambo ambayo mwanafunzi wa kidato cha pili ameshayafahamu. Kilicho kigumu ni kujua ni tarakimu ipi ya kuanzia, na ni nani atakayelipa iwapo tarakimu hiyo ilikosewa.

AHADI NA BILI

Mwezi wa Mei 1970 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki, ikikutana Amsterdam, iliichagua Montreal na kuziacha Moscow na Los Angeles. Meya wa Montreal, Jean Drapeau, hakuwa mtu wa maneno matupu. Chini ya uongozi wake jiji lilikuwa limejenga reli ya chini ya ardhi iliyofunguliwa mwaka 1966, na mwaka 1967 lilikuwa limeandaa Maonyesho ya Dunia yaliyosifiwa kila mahali. Aliposema kwamba Michezo ya Montreal itakuwa ya kiasi na itajilipia yenyewe, wengi walikuwa na sababu ya kumwamini.

Mwanzoni mwa mwaka 1973 makadirio yalitangazwa kuwa dola za Kanada milioni 310. Fedha hizo zilitarajiwa kupatikana kwa kuuza sarafu za ukumbusho, stempu na tiketi za bahati nasibu, bila ya kumtoza mlipa kodi hata senti. Drapeau aliwaambia waandishi wa habari kwamba Michezo haiwezi kuwa na nakisi, kama vile mwanamume asivyoweza kuzaa mtoto. Msemo huo ulimwandama maisha yake yote. Mchoraji mmoja wa katuni za gazeti alimchora meya huyo akiwa mja mzito, amekamata simu.

Hesabu ilipofungwa, gharama zilikuwa zimefika takriban dola milioni 1500, na nakisi ilikuwa karibu dola milioni 1000. Bahati nasibu ilifanya vizuri kuliko ilivyotegemewa, lakini sarafu za ukumbusho ziliingiza kiasi kidogo kuliko kilichotarajiwa.

Hapa mwalimu anaweza kusimama kidogo. Ongezeko la gharama kutoka milioni 310 hadi milioni 1500 ni milioni 1190. Ikigawanywa kwa 310 na kuzidishwa kwa 100, hupatikana asilimia 384 hivi. Lakini watafiti wa Chuo Kikuu cha Oxford, waliochunguza Michezo ya miaka mingi na kutoa ripoti mwaka 2020, wanaipa Montreal ongezeko la asilimia 720. Je, mmoja kati yao amekosea? La. Watafiti hao walianzia kwenye makadirio yaliyotolewa wakati jiji lilipoomba, si yale ya mwaka 1973. Walihesabu gharama zinazohusu michezo peke yake. Na waliondoa kwanza athari ya mfumko wa bei. Asilimia haina maana mpaka ijulikane ni asilimia ya nini.

London ni mfano mzuri wa jambo hili. Ilipochaguliwa mwaka 2005 kuandaa Michezo ya 2012, makadirio ya fedha za umma na ujenzi yalikuwa pauni bilioni 2.4. Mwaka 2007 serikali ya Uingereza iliyapandisha hadi bilioni 9.3. Baada ya Michezo ilionekana kwamba zimetumika kama bilioni 8.8, na viongozi wakatangaza kwa furaha kwamba kazi imekamilika chini ya bajeti. Walisema kweli. Hawakusema ni bajeti ipi.

KWA NINI GHARAMA ZILIPANDA

Ni rahisi kuutupia kiburi cha meya mmoja lawama zote. Tume ya uchunguzi iliyoongozwa na Jaji Albert Malouf, iliyotoa ripoti yake mwaka 1980, ilimlaumu sana Drapeau. Hata hivyo sababu nyingine zilikuwa nje ya uwezo wake. Mwishoni mwa mwaka 1973 bei ya mafuta ilipanda ghafla duniani kote, na bei ya chuma na vifaa vya ujenzi ikafuata. Wafanyakazi walifanya migomo iliyosimamisha kazi kwa miezi. Majira ya baridi ya Montreal ni makali, na zege linalomwagwa katika baridi ya namna hiyo halina budi kupashwa moto, au maji yaliyomo huganda kabla ya saruji kushika.

Uwanja wenyewe ulikuwa kazi ya msanifu Mfaransa Roger Taillibert. Ni jengo la kupendeza, na hata wanaolichukia hulikubali hilo. Mbavu 34 kubwa za zege zinainuka kutoka chini na kujipinda juu ya watazamaji, bila ya nguzo hata moja ya kuwazuia wasione. Pembeni unasimama mnara ulioinama, wenye urefu wa meta 165, uliokusudiwa kubeba nyaya za kuinulia paa la kitambaa, mfano wa mwavuli unaofunguliwa na kufungwa. Kila ubavu uliundwa kwa vipande vingi vya zege vilivyomwagwa kiwandani, vikapangwa na kukazwa kwa nyaya za chuma. Mpindo unabadilika kutoka ubavu hadi ubavu kwa kuwa uwanja una umbo la yai, na kwa hiyo vipande vingi havikuweza kumwagwa katika kalibu moja. Kila fundi mwashi anajua tofauti kati ya kutengeneza matofali elfu ya namna moja na kutengeneza matofali elfu ambayo kila moja lina umbo lake.

Pamoja na hayo yote, kuna sababu moja iliyo kubwa kuliko nyingine, nayo haihusu Montreal peke yake. Katika mradi wowote wa ujenzi kuna mambo matatu yanayoweza kubadilishwa: muda, ukubwa wa kazi, na fedha. Mtu anayejijengea nyumba akiishiwa fedha husimamisha kazi mpaka msimu mwingine wa mavuno, au huacha chumba kimoja, au hukopa. Ana milango mitatu. Jiji linaloandaa Olimpiki limefungiwa milango miwili. Siku ya ufunguzi imepangwa miaka sita au saba kabla, nayo haisogezwi. Mwaka 2020 ilisogezwa kwa mwaka mmoja kule Tokyo, lakini kwa sababu ya ugonjwa uliozuia dunia nzima, na hata hivyo gharama ziliongezeka. Ukubwa wa kazi nao umewekwa katika mkataba: idadi ya michezo, urefu wa bwawa, vitanda vya wanariadha. Kinachobaki ni fedha peke yake. Tatizo lolote litakalotokea, liwe la hali ya hewa, la mgomo au la mchoro uliochelewa, litatatuliwa kwa fedha.

Kila anayeliuzia jiji vifaa na kazi anaujua ukweli huo. Mkandarasi anayefahamu kwamba mteja wake hawezi kungoja wala kupunguza kazi hana sababu ya kushusha bei. Mwezi wa Novemba 1975, ikiwa imebaki miezi minane, serikali ya jimbo la Quebec ililinyang'anya jiji usimamizi wa ujenzi wa uwanja. Kazi iliendelea usiku na mchana. Wafanyakazi zaidi ya kumi walipoteza maisha yao katika ujenzi huo. Siku ya ufunguzi wanariadha waliingia katika uwanja usio na paa, kando ya mnara uliokatika katikati, na mnara huo haukukamilika hadi mwaka 1987.

CHUPA YA KUNDE

Mwanafunzi makini atauliza: ikiwa hatari zinajulikana, mbona majiji yenye wataalamu wengi huendelea kukosea, tena kwa upande ule ule mmoja? Watafiti wa Oxford waliotajwa waligundua kwamba Michezo yote waliyoweza kuipima tangu mwaka 1960 ilizidi makadirio yake, kwa wastani wa asilimia 172. Kama makosa yangekuwa ya bahati tu, baadhi ya majiji yangekadiria pungufu na mengine yangekadiria kupita kiasi. Makosa yanayoelekea upande mmoja siku zote yana sababu yake.

Sababu mojawapo inaweza kuonyeshwa darasani. Mwalimu ajaze kunde katika chupa ya kioo baada ya kuzihesabu kwa siri, kisha kila mwanafunzi aandike anakisia zimo ngapi. Mara nyingi wastani wa makisio yote hukaribia ukweli. Sasa mwalimu atangaze mnada: kila mmoja atoe bei, senti moja kwa kila punje anayodhani imo, na atakayetoa bei kubwa kuliko wote aichukue chupa na kulipwa senti moja kwa kila punje iliyomo kwa kweli. Nani atashinda? Hatakuwa yule aliyekisia sawasawa. Atakuwa yule aliyekosea zaidi kwa upande wa juu, na atapata hasara.

Chukulia majiji matano yanayokisia faida ya kuandaa Michezo, ilhali faida ya kweli ni 100. Makisio yao ni 60, 85, 100, 115 na 140. Wastani wao ni 100, yaani kwa pamoja hawakukosea hata kidogo. Lakini jiji lililokisia 140 ndilo litakaloahidi mengi zaidi, na ndilo litakalochaguliwa. Wanauchumi huliita jambo hili laana ya mshindi. Si lazima pawe na mjinga wala mwongo. Inatosha pawe na mashindano, na mshindi awe yule mwenye matumaini makubwa kuliko wenzake.

Waongo nao hawakosekani, bila shaka. Anayetaka mradi upite ana sababu ya kutaja gharama ndogo, na jiwe la msingi likishawekwa ni vigumu kurudi nyuma. Lakini somo la chupa ni zito zaidi, kwa kuwa linawahusu hata waadilifu.

FAIDA ZINAZODAIWA

Wanaotetea Michezo hutaja watalii, ajira, majengo na jina. Madai haya hayafanani kwa uzito.

Utalii ndio dhaifu zaidi. Mwezi wa Agosti 2012, mwezi ambao sehemu kubwa ya Michezo ya London ilifanyika, wageni walioingia Uingereza kutoka nchi za nje walikuwa wachache kwa takriban asilimia 5 kuliko Agosti ya mwaka uliotangulia. Waliokuja kutazama mbio waliwafukuza waliotaka kuona majumba ya makumbusho, ambao waliogopa msongamano na bei za hoteli. Aidha mkazi anayenunua tiketi hakuokota fedha hizo njiani. Asingekwenda uwanjani, angezitumia sinemani au dukani katika jiji hilo hilo. Ajira za ujenzi ni za kweli, ila hudumu kwa muda wa ujenzi, na fedha zile zile zingeajiri watu kujenga kitu kingine. Shilingi iliyotumika mahali pamoja haiwezi kutumika tena mahali pengine, na hesabu inayosahau jambo hilo si hesabu.

Majengo yanahitaji kuangaliwa moja moja. Montreal haikupata hasara tupu. Reli ya chini ya ardhi ilirefushwa hadi uwanjani na kupita, na hutumiwa kila siku. Nyumba za wanariadha, zenye umbo la piramidi, zikawa makazi. Ukumbi wa mashindano ya baiskeli uligeuzwa mwaka 1992 kuwa mahali pa kuonyeshea mimea na wanyama wa maeneo mbalimbali ya dunia, na watu hupanga foleni kuingia.

Uwanja mkubwa ndio umekuwa mzigo. Paa la kitambaa lilipowekwa hatimaye mwaka 1987, halikuchukua muda likaanza kuchanika kwa upepo. Mwaka 1991 boriti ya zege yenye uzito wa tani 55 ilianguka, kwa bahati bila ya kumwumiza mtu. Mwaka 1998 liliwekwa paa jipya lisilofunguka. Miezi michache baadaye, Januari 1999, lilipasuka kwa uzito wa theluji. Hatimaye ikabidi iwekwe kanuni kwamba shughuli zisifanyike uwanjani theluji ikizidi sentimeta 3, katika jiji ambalo theluji ni jambo la kila mwaka. Timu ya besiboli iliyokuwa mpangaji mkuu iliondoka baada ya msimu wa 2004. Mwaka 2024 serikali ya Quebec ilitangaza kwamba itatumia dola milioni 870 kuweka paa la tatu, na ilieleza kwamba kuubomoa uwanja kungegharimu zaidi ya hapo. Msomaji alinganishe kiasi hicho na zile milioni 310 ambazo zilitosha, kwa maneno ya mwaka 1973, kuandaa Michezo yote. Dola ya 2024 ni ndogo sana kuliko ya 1973, na ulinganisho wa haki hauna budi kulizingatia hilo. Lakini hata hivyo bili ya paa pekee, miaka 48 baada ya Michezo, si jambo lililokuwamo katika makadirio ya mtu yeyote.

Hoja iliyo nzito kuliko zote upande wa watetezi ni Barcelona, mwaka 1992. Jiji hilo lilizidisha makadirio yake sana, zaidi ya mara tatu kwa kipimo cha Oxford, lakini ni vigumu kumpata mkazi anayejuta. Njia za reli na maghala yaliyokuwa yakilitenga jiji na bahari yaliondolewa, barabara za kuzunguka jiji zilijengwa, na ufuko ukarudishwa kwa watu. Fedha nyingi zaidi zilikwenda katika kazi hizo kuliko katika viwanja vya michezo. Mtu anaweza kujibu kwamba barabara nzuri ni nzuri hata bila ya mbio za meta mia, na jibu hilo ni sahihi kimantiki. Lakini siasa haziendi kwa mantiki peke yake. Mipango ya Barcelona ilikuwapo kabla ya jiji kuchaguliwa mwaka 1986. Tarehe isiyosogezwa, ile ile iliyoiponza Montreal, iliwalazimisha watawala wa ngazi zote kukubaliana na kutoa fedha kwa miaka sita. Tarehe hiyo humsukuma mwenye mpango kuutimiza, na humwangamiza asiye nao.

LOS ANGELES ILIPOKATAA KUWA MDHAMINI

Baada ya Montreal majiji yaliogopa. Kabla yake wapiga kura wa jimbo la Colorado nchini Marekani walikuwa wameshakataa, Novemba 1972, fedha za umma zisitumike kwa Michezo ya Majira ya Baridi ya 1976 ambayo Denver ilikwisha kupewa, na Michezo hiyo ikahamia Innsbruck. Ilipofika zamu ya Michezo ya 1984, Tehran ilijitoa na Los Angeles ikabaki peke yake.

Hali hiyo ilibadilisha kila kitu. Katika mnada wenye mnunuzi mmoja hakuna laana ya mshindi. Mwezi wa Novemba 1978 wakazi wa Los Angeles walipiga kura kuzuia fedha za jiji zisitumike kwa Michezo isipokuwa zile zitakazorudishwa. Kwa kawaida jiji mwenyeji huahidi kwa maandishi kwamba upungufu wowote litaubeba lenyewe. Safari hii Kamati ya Kimataifa, isiyokuwa na jiji jingine la kukimbilia, ilikubali kwamba mzigo uchukuliwe na kamati ya watu binafsi, iliyosimamiwa na mfanyabiashara Peter Ueberroth, pamoja na Kamati ya Olimpiki ya Marekani.

Ueberroth hakujenga karibu chochote. Uwanja mkuu ulikuwa ule wa mwaka 1923, uliotumika pia katika Michezo ya 1932. Wanariadha walilala katika mabweni ya vyuo vikuu wakati wanafunzi wako likizo. Bwawa la kuogelea na uwanja wa baiskeli, vilivyokuwa vipya, vililipiwa na makampuni yaliyotaka majina yao yaonekane. Kampuni ya televisheni ya ABC ililipa dola milioni 225 kwa haki ya kutangaza. Ijapokuwa Urusi ya Kisovieti na washirika wake wengi walisusia, ilibaki ziada ya zaidi ya dola milioni 200, na sehemu yake imetumika tangu hapo kwa michezo ya vijana wa sehemu hiyo ya California.

Jambo la kusikitisha ni kwamba funzo lililotolewa na wengi lilikuwa potofu. Majiji yaliona ziada, yakasema: Olimpiki sasa inaleta fedha. Mnada ulijaa wanunuzi tena, na masharti yakarudi kama zamani. Ziada ya Los Angeles haikutokana na Olimpiki. Ilitokana na viwanja vilivyokwisha kulipiwa miaka mingi, na na kutokuwapo kwa mshindani.

SAHIHI YA MDHAMINI

Katika jamii nyingi mtu hufikiri mara mbili kabla ya kumdhamini ndugu katika deni, hata kama kiasi cha deni kinajulikana. Jiji linaloomba Olimpiki hutakiwa kudhamini deni ambalo kiasi chake hakijulikani, linalofanywa na kamati ambayo jiji haliimiliki kikamilifu, kwa ajili ya mashindano ambayo mapato yake makubwa ya televisheni hukusanywa kwanza na Kamati ya Kimataifa, kisha mwenyeji hupewa sehemu. Makadirio ya gharama yanaweza kujadiliwa usiku kucha. Kiini cha mambo kiko kwenye sahihi hiyo.

Boston ilifika hapo mwaka 2015. Ilikuwa imeteuliwa na Marekani kuomba Michezo ya 2024. Mwezi wa Julai meya Marty Walsh alisema kwamba hatatia sahihi hati inayowaweka walipa kodi wa jiji rehani, na siku hiyo hiyo ombi likafutwa. Mwishoni mwa mwaka huo wakazi wa Hamburg walipiga kura ya kukataa. Roma na Budapest zikajitoa pia. Zilipobaki Paris na Los Angeles tu, Kamati iliamua mwaka 2017 kuzipa zote mbili, moja Michezo ya 2024 na nyingine ya 2028. Paris iliomba huku karibu asilimia 95 ya kumbi zake zikiwa ni zile zilizokuwapo au za muda. Los Angeles nayo ilijivunia viwanja vilivyokuwapo, lakini, tofauti na mwaka 1978, safari hii jiji lilikubali kuwa mdhamini: dola milioni 270 za kwanza za upungufu wowote juu ya jiji, milioni 270 zinazofuata juu ya jimbo la California, na zaidi ya hapo juu ya jiji tena, bila kikomo. Warithi wa wapiga kura wa 1978 walikuwa wamesahau ni nini hasa kilichowaokoa wazee wao.

Kwa hiyo jibu la swali la makala haya linategemea mambo ambayo yanaweza kuangaliwa kabla ya mtu yeyote kupanda ndege kwenda kuomba. Jiji ambalo tayari lina viwanja, mabweni na usafiri, na ambalo lile dogo litakalojengwa lilikuwa tayari katika mpango wake wa maendeleo, linaweza kuomba bila ya hofu kubwa, mradi dhamana yake iwe na kikomo kilichoandikwa. Jiji lisilo na vitu hivyo lisiombe, hata likiwa tajiri kama Montreal ilivyokuwa. Na jiji linalotaka kuvijenga kwa kuwa Michezo inakuja, na si kwa kuwa wakazi wanavihitaji, limekwisha kujiweka katika nafasi ya yule mwanafunzi aliyeichukua chupa.

Jibu hili lina ukali ambao si haki kuufumba macho. Majiji yenye viwanja tayari ni yale yale ya nchi tajiri. Hadi Michezo ya 2024 hakuna jiji la Afrika lililokuwa limeandaa Michezo ya Olimpiki ya Majira ya Joto. Cape Town iliomba ile ya 2004 na ikashindwa mwaka 1997, na wengi barani walihuzunika. Michezo hiyo ilikwenda Athens, ambako miaka michache baadaye viwanja kadhaa vilikuwa vimeota majani. Nani aliyepata bahati mwaka 1997 ni jambo ambalo darasa linaweza kulijadili kwa utulivu zaidi kuliko mkutano wa hadhara. Inawezekana kabisa kwamba dosari imo katika utaratibu wenyewe wa kudai kila kitu kijengwe katika jiji moja, na kwamba nchi jirani zikigawana kumbi, hesabu ingekuwa nyingine.

MASWALI YA DARASA

1. Jiji limekadiria kwamba Michezo itagharimu shilingi bilioni 4000. Ikiwa gharama zitazidi kwa asilimia 172, jumla itakuwa kiasi gani? Na zikizidi kwa asilimia 720?

2. Fanyeni jaribio la chupa ya kunde, kwanza kwa wanafunzi watano, kisha kwa darasa zima. Je, hasara ya mshindi inaongezeka au inapungua washindani wanapokuwa wengi? Elezeni kwa nini.

3. Katika London, gharama za mwisho za pauni bilioni 8.8 ni asilimia ngapi ya makadirio ya 2005, na ni asilimia ngapi ya makadirio ya 2007? Andikeni vichwa viwili vya habari, vyote vya kweli, vinavyopingana.

4. Chagueni uwanja mkubwa wa michezo ulio karibu na shule yenu. Ulizeni hutumika siku ngapi kwa mwaka, nani hulipia majani, taa na ukarabati wake, na fedha hizo hutoka katika fungu lipi.